Jina la Stanley katika Historia ya Kisangani

Stanley, jina la ukoo lililobebwa kwa zaidi ya nusu karne na mji unaoitwa leo Kisangani, ni miongoni mwa majina ya Kiingereza yatokanayo na mahali, yaani yale ambayo familia iliyapata kwa kijiji ilikotoka: katika Kiingereza cha kale stān ni jiwe na lēah ni uwazi uliofyekwa msituni. Nchini Uingereza si jina geni, kwani ukoo mmoja wa Stanley umeshika utemi wa Derby tangu 1485. Lakini mvumbuzi aliyelifikisha mto Kongo hakuwa wa ukoo huo, wala hakuzaliwa nalo. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaandikwa John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, na baada ya kufika New Orleans mwaka 1859 akajitwalia jina la mfanyabiashara wa pamba, Henry Hope Stanley, ambaye kisa cha kumfanya mwana wa kulea kina mashaka mengi. Hata Morton, jina lake la kati, alilichagua baada ya kujaribu mengine kadhaa.

Waingereza hulitamka Stanli, mkazo ukiwa mwanzoni, ilhali watawala wa Kibelgiji waliozungumza Kifaransa waliuita mji Stanlevil na kuukaza mwishoni, au wakaufupisha kuwa Stan. Kwenye mto wa chini Wakongo hawakujisumbua na matamshi hayo: walimwita mtu huyo Bula Matari, yaani mvunja mawe, kwa ajili ya miamba iliyovunjwa kwa ujenzi wa barabara yake ya kutoka kituo cha Vivi, na punde lakabu hiyo ikahama kutoka kwake hadi kwa dola yenyewe pamoja na askari na watoza kodi wake. Kwamba jiwe limo katika majina yote mawili ni sadfa tu.

Stanley aliyapita maporomoko ya mto Kongo yaliyo karibu na mji huo mwanzoni mwa 1877, akarudi mwishoni mwa 1883 kuanzisha kituo, ambacho mwaka 1887 kiliwekwa chini ya uliwali wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar. Kiswahili kilichoenezwa na watu wa Tippu Tip ndicho kilichoimarisha jina Kisangani, linalofasiriwa kuwa kisiwani, na ndilo lililorasimishwa mwaka 1966 chini ya Mobutu. Maporomoko nayo yakaitwa Boyoma.

Hata hivyo jina la Stanley halijatoweka kabisa katika kumbukumbu. Msitu wa Masako, ulio kilomita 14 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya zamani ya Buta, ulitengwa kuwa hifadhi mwaka 1953, wakati ramani bado zikiandika Stanleyville. Ndiyo sababu mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani anayechunguza mimea na wanyama wa eneo hilo, akitaka kumbukumbu na vielelezo vya enzi za ukoloni vilivyohifadhiwa Ubelgiji, hulazimika kuvitafuta chini ya jina hilo la kuazima.