Molekuli za Kikaboni: Istilahi na Kimondo cha Ivuna

Ukimtajia Mtanzania kimondo, mawazo yake huenda Mbozi, kwenye lile pande la chuma na nikeli lenye uzito wa tani zipatazo 16. Katika mkoa huohuo wa Songwe, upande wa Ziwa Rukwa, kuna Ivuna. Huko, Desemba 16, 1938, kilianguka kimondo cha aina nyingine kabisa: cheusi, chepesi kumeguka, na vipande vyake vilivyookotwa havikufika hata kilo moja. Vilikuwa gramu 705 tu.

Kati ya vimondo hivyo viwili, hiki kidogo ndicho kilichotoa jina lake kwa sayansi ya dunia nzima. Mawe ya angani yenye kaboni hugawanywa katika makundi, na kundi moja huitwa CI: C ya kaboni, I ya Ivuna. Vimondo vya kundi hili ni vichache mno. Thamani yake ni kwamba uwiano wa elementi zake, ukiondoa gesi nyepesi kama haidrojeni na heli, unakaribia sana ule wa Jua. Kwa hiyo anayeshika kipande cha Ivuna ameshika masalia ya vitu vilivyoumba sayari, miaka zaidi ya bilioni 4.5 iliyopita. Sioni kwa nini mwanafunzi wa Tanzania amalize shule bila kulisikia jina hilo.

Takribani asilimia 3 ya uzito wa jiwe hilo ni kaboni, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imo katika molekuli za kikaboni. Tuiangalie istilahi hii kwa makini. Molekuli ya kikaboni ni ile iliyojengwa juu ya atomu za kaboni, kwa kawaida zikiwa zimeshikana na haidrojeni, na mara nyingi pamoja na oksijeni, naitrojeni au salfa. Methani ni ya kikaboni, sukari ni ya kikaboni, hata plastiki ya ndoo ni ya kikaboni. Kabonidioksaidi haimo, ingawa ina kaboni, wala jiwe la chokaa halimo. Ndiyo maana kusema “molekuli zenye kaboni” hakutoshi. Ivuna ina pia madini ya kabonati, na hayo hayahesabiwi kuwa ya kikaboni.

Kuna maneno mengine yanayotumika badala ya “kikaboni”. “Ogania” ni salama, ila halimpi msomaji mgeni pa kushika. Hatari iko kwenye “hai”. Tumezoea kilimo hai, na kwa shamba lisilotiwa kemikali za viwandani neno hilo linafaa sana. Likihamishiwa kwenye kemia linapotosha. Gazeti likiandika kwamba molekuli hai zimepatikana ndani ya kimondo, msomaji atawaza vijidudu, na atakuwa na haki kuwaza hivyo. Swali ambalo wataalamu wamelihangaikia kwa karne mbili, yaani kama kemia hii huhitaji uhai au huutangulia, litakuwa limeshajibiwa na neno kabla hajafika aya ya pili.

Mkanganyiko huo haukuanzia kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 19, mkemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, alitenga kemia ya vitu vitokanavyo na viumbe na kuipa jina litokanalo na viungo vya mwili, kwa imani kwamba vitu hivyo huhitaji nguvu ya uhai ili vitengenezwe. Mwaka 1828, Friedrich Wöhler, aliyewahi kusoma kwake, alitengeneza urea ndani ya maabara bila figo ya mnyama yeyote. Jina likabaki, maana yake ikabadilika. Na mwaka 1834 Berzelius mwenyewe alipima kimondo cha Alais, kilichoanguka Ufaransa mwaka 1806, ambacho leo kimewekwa katika kundi la Ivuna. Alikuta humo kaboni kama ile ya vitu vitokanavyo na viumbe, lakini hakukubali kwamba ilithibitisha kuwapo kwa viumbe huko kilikotoka. Naiheshimu sana hukumu hiyo, kwa kuwa ilitoka kwa mtu ambaye jina alilolitoa mwenyewe lilikuwa likimvuta upande wa pili.

Wengine hawakuwa waangalifu hivyo. Mwaka 1961 George Claus na Bartholomew Nagy walitangaza kwamba wameona ndani ya Ivuna na Orgueil, kimondo kingine cha Ufaransa, vijipunje vilivyofanana na mabaki ya mwani. Baada ya mabishano makali, vingi vilitambuliwa kuwa punje za madini na uchafu wa hapahapa duniani, ikiwemo chavua.

Utajuaje basi kwamba molekuli imetoka angani na si kwenye jasho la aliyeokota jiwe? Asidi amino, ambazo ndizo hujenga protini, nyingi zina maumbo mawili, kama kandambili ya kushoto na ya kulia: sehemu zilezile, lakini moja haikai mahali pa nyingine. Viumbe wa dunia hujenga protini zao kwa zile za kushoto. Kemia isiyo na kiumbe haichagui, hutoa zote mbili kwa kiasi karibu sawa. Mwaka 2001 watafiti walichapisha vipimo vya Orgueil na Ivuna. Katika vyote viwili glaisini na beta-alanini ndizo zilizoongoza, na alanini ya Orgueil ilikuwa nusu kwa nusu, kushoto na kulia. Uzito wa atomu za kaboni ndani ya molekuli hizo nao ulielekeza angani. Inadhaniwa zilipikwa ndani ya asteroidi, pale joto la elementi za mnururisho lilipoyeyusha barafu, na maji yakakutanisha amonia, sianidi na molekuli nyingine ndogo za kaboni.

Mwaka 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta gramu 5.4 za asteroidi Ryugu, na udongo wake ukaonekana kufanana zaidi na vimondo vya kundi la Ivuna. Humo ilipatikana yurasili, mojawapo ya herufi za RNA. Kisha ikaja sampuli ya asteroidi Bennu, iliyoletwa na chombo cha Marekani mwaka 2023. Matokeo yaliyotangazwa Januari 2025 yalitaja asidi amino 14 kati ya 20 zinazojenga protini, na herufi zote tano za DNA na RNA.

Kwa kemia ya hatua hii, ya molekuli za kikaboni kabla ya uhai, napendekeza “kemia tangulizi ya uhai”. “Tangulizi” linasema kilichokuja kwanza, bila kuahidi kwamba kila mahali kemia hii ilipo uhai lazima ufuate. Bennu yenyewe inadai tahadhari hiyo. Kwa kuwa baadhi ya vimondo vimewahi kuonyesha ziada ya asidi amino za kushoto, wengi walitarajia kwamba upendeleo wa uhai kwa upande huo ulianzia angani. Asidi amino za Bennu zilikutwa karibu nusu kwa nusu, na swali la nani aliyechagua kushoto likarudi duniani.