Mapato ya taifa: Jinsi yanavyogawiwa kaunti 47, na kwa nini mzozo haukomi

KATIKA mwaka wa matumizi ya fedha wa 2021/2022, Kaunti ya Nairobi ilitengewa takriban Sh19.2 bilioni kutoka kwa mapato ya taifa. Lamu, iliyopata fungu dogo kuliko kaunti zote, ilitengewa Sh3.1 bilioni.

Kwa mtazamo wa haraka, Nairobi ilineemeka mara sita kuliko Lamu. Lakini fedha hizo zikigawanywa kwa idadi ya watu waliohesabiwa katika sensa ya 2019, sura hubadilika kabisa. Nairobi, yenye wakazi 4,397,073, ilipata takriban Sh4,400 kwa kila mkazi. Lamu, yenye wakazi 143,920, ilipata zaidi ya Sh21,500 kwa kila mmoja.

Ni nani basi aliyepunjwa? Mkazi wa Nairobi atasema kuwa ni yeye. Mkazi wa Lamu atajibu kwamba kaunti, hata iwe ndogo namna gani, haina budi kuwa na gavana, bunge, hospitali na barabara, na kwamba mgonjwa wa kisiwani hafikishwi hospitalini kwa nauli ya matatu. Kila mmoja ana hoja, na Katiba inazitambua hoja zote mbili. Hapo ndipo ulipo ugumu wa ugavi wa mapato nchini Kenya.

KABLA YA 2010

Suala hili si geni. Katiba ya uhuru ya 1963 iliunda serikali za majimbo zenye mabunge yao, lakini mfumo huo ulivunjwa baada ya muda mfupi na mamlaka yote yakarejeshwa Nairobi. Kwa miongo mingi iliyofuata, maendeleo ya eneo yalitegemea uamuzi wa wizara na ukaribu wa viongozi wa eneo hilo na Ikulu.

Hatua za kwanza za kugawa fedha kwa sheria zilikuja baadaye. Sheria ya 1998 iliunda hazina ya LATF, iliyozipa halmashauri za miji na wilaya asilimia 5 ya kodi ya mapato. Mwaka wa 2003 ikaundwa Hazina ya Ustawishaji wa Maeneobunge (CDF), iliyotengewa angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Robo tatu ya fedha hizo ziligawiwa maeneobunge yote sawa kwa sawa, na robo iliyosalia kwa kuzingatia kiwango cha umaskini.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilikwenda mbali zaidi. Iliunda serikali 47 za kaunti na kuzikabidhi majukumu: huduma za afya, kilimo, barabara za kaunti, masoko na elimu ya chekechea. Serikali ya kitaifa ilibaki na ulinzi, polisi, mahakama, uhamiaji na uhusiano wa kimataifa, pamoja na hospitali za rufaa za kitaifa.

Kwa kuwa kodi kubwa, zikiwemo ya mapato, ya forodha na ya thamani ya bidhaa (VAT), hukusanywa na serikali ya kitaifa, kaunti zingebaki na kazi bila fedha kama zingeachiwa kodi za ardhi, ada za maegesho na leseni pekee. Ndiyo maana Kifungu cha 202 kinaagiza mapato ya taifa yagawanywe kwa usawa kati ya ngazi hizo mbili za serikali.

AWAMU MBILI

Mgao huo hupitia awamu mbili ambazo aghalabu huchanganywa katika mijadala ya kisiasa.

Awamu ya kwanza huamua kiasi ambacho kaunti zote kwa pamoja zitapata. Hufanywa kila mwaka kupitia Mswada wa Ugavi wa Mapato, ambao hupitia Bunge la Kitaifa na Seneti. Kifungu cha 203 kinasema kiasi hicho kisipungue asilimia 15 ya mapato yote yanayokusanywa na serikali ya kitaifa.

Awamu ya pili huamua namna kaunti 47 zitakavyogawana kiasi hicho. Tume ya Ugavi wa Mapato (CRA) hutoa mapendekezo, kisha Seneti hupitisha fomula ambayo, kwa mujibu wa Kifungu cha 217, hutumika kwa miaka mitano. Bunge la Kitaifa linaweza kuibadilisha au kuikataa iwapo tu thuluthi mbili ya wabunge wataafiki.

Nje ya mgao huo kuna fedha za ziada ambazo hutolewa kwa masharti. Nyingine hutoka kwa washirika wa kimataifa kama vile Benki ya Dunia na serikali ya Denmark, ambayo kwa miaka mingi imefadhili vituo vya afya vya ngazi za chini.

ASILIMIA 15 YA NINI?

Asilimia 15 hupimwa kwa hesabu za mapato za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa, wala si kwa makusanyo ya mwaka unaohusika. Sharti hili dogo lina uzito mkubwa.

Katika mwaka wa 2019/2020 kaunti zilitengewa Sh316.5 bilioni. Kiasi hicho kilipimwa kwa hesabu za mwaka wa 2014/2015, ambazo zilikuwa takriban Sh1.04 trilioni. Kwa kipimo hicho, kaunti zilipata kama asilimia 30, maradufu ya kiwango kilichowekwa na Katiba. Hata hivyo, Mamlaka ya Ushuru (KRA) ilikuwa imekusanya takriban Sh1.58 trilioni katika mwaka wa 2018/2019. Kwa kipimo hicho cha pili, fungu la kaunti lilikuwa karibu asilimia 20.

Hivyo Wizara ya Fedha inaweza kusema imetoa zaidi ya inavyotakiwa, na magavana wakasema wanapewa makombo, na pande zote mbili zikawa zinasoma takwimu za kweli. Kadiri Bunge linavyochelewa kuidhinisha hesabu, ndivyo kipimo kinavyozidi kuachwa nyuma na hali halisi.

FOMULA NNE

Fomula ya kwanza, iliyopitishwa 2012, ilitoa asilimia 45 kwa idadi ya watu, 25 kwa mgao sawa kwa kila kaunti, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa eneo na 2 kwa uwajibikaji katika matumizi ya fedha. Fomula ya pili ilibadilisha viwango hivyo kidogo tu.

Kwa kuwa idadi ya watu ilibeba karibu nusu ya mgao, sensa iligeuka kuwa suala la fedha. Tayari mnamo Agosti 2010, serikali ilikuwa imefutilia mbali matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za kaskazini kwa kutilia shaka ongezeko la watu lililonakiliwa huko.

Fomula ya tatu ndiyo iliyozua vuta nikuvute kubwa. Mapendekezo ya 2020 yangeziongezea fedha Nairobi, Kiambu, Nakuru na Uasin Gishu, na kuzipunguzia Wajir, Mandera, Garissa, Marsabit, Tana River na Kwale. Waliounga mkono walisema fedha zifuate watu: mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Waliopinga walihoji ni kwa vipi kaunti zilizosahaulika tangu enzi za mkoloni zipokonywe fedha baada ya miaka saba tu ya ugatuzi.

Seneti ilikutana mara kadhaa bila kuafikiana. Mnamo Agosti 17, 2020 polisi waliwakamata maseneta watatu, Cleophas Malala, Christopher Langat na Steve Lelegwe, na kikao cha siku hiyo kikaahirishwa.

Mkwamo huo ulitokana na mpangilio wa kura. Katika fomula watu huhesabiwa, lakini katika masuala yanayohusu kaunti kila ujumbe wa kaunti una kura moja katika Seneti. Kura ya Lamu ni sawa na ya Nairobi, na hoja huhitaji kura 24 ili ipite. Kaunti zinazohofia kupoteza zikiungana, hakuna fomula itakayopita.

Suluhu ilipatikana Septemba 17, 2020. Rais Uhuru Kenyatta aliahidi nyongeza ya Sh50 bilioni, fungu la kaunti likapandishwa hadi Sh370 bilioni kuanzia 2021/2022, na kila kaunti ikahakikishiwa nusu ya ilichopata katika 2019/2020 kabla ya salio kugawanywa kwa fomula mpya. Humo idadi ya watu ilishushwa hadi asilimia 18, na vigezo vya afya, kilimo, barabara na miji vikaingizwa.

Fomula ya nne, iliyopitishwa 2025, ilifuata nyayo hizo hizo. Idadi ya watu ilirejeshwa kwenye asilimia 45, mgao sawa ukapewa 35, umaskini 12 na ukubwa wa eneo 8. Lakini Sh387.4 bilioni zilizotolewa mwaka uliotangulia zilifanywa msingi usioguswa. Nyongeza pekee, katika jumla ya Sh415 bilioni za 2025/2026, ndiyo iliyofanyiwa mgao mpya.

Kwa maneno mengine, mara zote mbili taifa halikuamua ni nani apunguziwe. Liliongeza unga ili ugali umtoshe kila mmoja. Njia hiyo huleta amani pale fedha zinapoongezeka. Zisipoongezeka, hakuna cha kupatanishia.

Na kuongezeka si jambo la uhakika. Fungu lilisimama kwenye Sh316.5 bilioni kwa miaka miwili mfululizo, kisha kwenye Sh370 bilioni kwa miaka mingine miwili, ilhali bei za dawa na mafuta zilipanda. Mwaka wa 2024, baada ya Rais William Ruto kuuondoa Mswada wa Fedha kufuatia maandamano ya vijana, kaunti zilizokuwa zimetengewa Sh400.1 bilioni zilipunguziwa hadi Sh387.4 bilioni.

FEDHA ZIKICHELEWA

Kifungu cha 219 kinaagiza fungu la kaunti lipelekwe bila kucheleweshwa pasipo sababu. Hata hivyo, kuchelewa kumekuwa jambo la kawaida, ama kwa sababu Hazina ya Kitaifa haina fedha, ama kwa sababu mabunge mawili hayajaelewana. Mnamo Novemba 1, 2013, Mahakama ya Juu ilishauri kwamba Seneti haipaswi kuachwa nje ya Mswada wa Ugavi wa Mapato. Mvutano ulirudi 2019, ukaendelea hadi Septemba, miezi miwili ndani ya mwaka mpya wa fedha.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Mishahara ya wauguzi huchelewa, mwanakandarasi hasukumi kazi, na mama aliyetembea kilomita nyingi hadi zahanati huambiwa akanunue dawa dukani.

Kwa maeneo yaliyotengwa, Katiba iliongeza Hazina ya Usawazishaji, inayopaswa kupata asilimia 0.5 ya mapato kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme. CRA ilianza kwa kutaja kaunti 14, kisha sera ya pili ikatambua maeneo 1,424 katika kaunti 34. Ilikuwa njia ya kukiri kwamba umaskini haufuati mipaka ya kaunti, na kwamba hata kaunti yenye fungu nono huwa na vijiji visivyofikiwa nalo.

Hazina hiyo iliundwa kwa miaka 20 tangu 2010. Bunge lisipoirefusha, muda wake utakwisha 2030. Fomula ya nne nayo ni ya miaka mitano. Basi mnamo mwaka huo mmoja, Wakenya watarejea kwenye swali lile lile la Nairobi na Lamu, na safari hiyo huenda unga usitoshe kuongezwa.