Bodi na Karoseri: Pininfarina Katika Barabara za Afrika Mashariki

Zamani gari lilikuwa kazi ya mafundi wawili: mmoja aliunda injini na chesisi, mwingine akaunda bodi. Nchini Italia karakana ya huyu wa pili iliitwa carrozzeria, neno litokanalo na carrozza, yaani gari la kukokotwa na farasi.

Miongoni mwa karakana mashuhuri za aina hiyo ni Pininfarina ya mjini Torino. Mwasisi wake, Battista Farina, alizaliwa mwaka 1893, mtoto wa kumi kati ya kumi na mmoja. Nyumbani alipewa lakabu ya Pinin, yaani mdogo. Alijifunza kazi kwa kaka yake Giovanni, na mwaka 1930 akafungua karakana yake. Mwaka 1961 rais wa Italia aliidhinisha lakabu hiyo iunganishwe na jina la ukoo. Battista alifariki mwaka 1966, na mwanawe Sergio akaendeleza kazi. Tangu 2015 kampuni imo mikononi mwa Mahindra ya India.

Afrika Mashariki kazi ya karakana hiyo ilifika bila jina lake. Umbo la Peugeot 404 ya mwaka 1960 na 504 ya mwaka 1968 lilichorwa huko. Gari la 404 lilishinda mashindano ya Safari miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania. Gari la 504 lilishinda 1975 na 1978. Abiria walisema "Pijo" tu. Fundi wa bodi hakutajwa.

Hapa ndipo historia hii inapotuhusu sisi walimu. Neno bodi tumelikopa kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyetoka Kongo na kukulia Nakivale huenda akasema karoseri, na wenzake wa Nyamitanga wakamcheka. Lakini karoseri ni carrosserie ya Kifaransa, na Kifaransa nacho kilikopa mzizi wake kwa carrozza ya Kiitaliano. Maneno yote mawili ni ya mkopo. Yalipita njia tofauti za ukoloni.

Kwa hiyo, kabla ya kulipiga neno hilo mstari mwekundu, tumfundishe mwanafunzi kwamba katika Kiswahili sanifu tunaandika bodi, kisha tumwombe awasimulie wenzake safari ya karoseri. Neno la mgeni nalo lina ukoo wake.