Ndege na Maua katika Picha za Chapa za Kijapani

Wengi wetu tukisikia habari za picha za Kijapani zilizochapwa kwa mbao hukumbuka wimbi kubwa la Hokusai. Upo, hata hivyo, mkondo mwingine uitwao kachō-ga, yaani picha za ndege na maua. Makala haya yanaeleza jinsi mkondo huo ulivyoshikamana na ushairi, na jinsi ulivyokuja kutengana nao.

Picha moja ilipita katika mikono ya watu wanne: mchoraji, mchongaji aliyechonga mchoro juu ya ubao wa mcheri, mchapaji aliyepaka rangi na kugandamiza karatasi, na mchapishaji aliyegharimia kazi yote. Mara nyingi alikuwapo pia wa tano, naye ni mshairi.

Karibu mwaka 1790, Kitagawa Utamaro alichora kitabu cha ndege ambamo picha ziliambatana na mashairi ya mzaha kuhusu mapenzi. Katika miaka ya 1830, Utagawa Hiroshige (1797–1858) alitoa picha nyingi za ndege na maua juu ya karatasi ndefu na nyembamba, mfano wa vipande vya karatasi ambavyo Wajapani waliandikia mashairi. Nyingi zina shairi fupi, la Kijapani au la Kichina. Mkazi wa Edo, ambayo leo ni Tokyo, alielewa kwamba maua ya mplamu pamoja na ndege aitwaye uguisu ni dalili ya majira ya kuchipua, na kwamba mabata bukini mbele ya mwezi ni dalili ya majira ya kupukutika majani. Kwake, kutazama picha kulikuwa ni kusoma.

Katika karne ya 20 mambo yalibadilika. Ohara Koson (1877–1945) alichora mamia ya picha za ndege, lakini wanunuzi wake wengi walikuwa Marekani na Ulaya. Kwa kawaida picha zake hazina shairi. Pana sahihi na mhuri tu.

Kwa mwanafunzi wa lugha, hapa pana funzo. Picha hizi zilivuka bahari kwa urahisi kwa kuwa hazikuhitaji mkalimani, lakini kilichovuka ni nusu yake. Anayeitaka nusu ya pili hana budi kujifunza lugha ya wenyewe.