Shayiri ya Soitsambu: Maji Yasiyohesabiwa Kiwandani

Kampuni za vinywaji siku hizi hupenda kupimwa kwa lita: kiwanda kimetumia maji kiasi gani kutengeneza lita moja ya bia, na mwaka huu kimepunguza kiasi gani. Kipimo hicho si kibaya, lakini ni kifupi. Mwaka 2009 kampuni ya SABMiller, iliyokuwa mmiliki mkuu wa Tanzania Breweries Limited (TBL), ilichapisha pamoja na shirika la WWF hesabu ndefu zaidi. Lita moja ya bia yake nchini Afrika Kusini ilibeba lita 155 za maji. Katika Jamhuri ya Czech, lita 45. Katika nchi zote mbili, zaidi ya asilimia 90 ya maji hayo yalitumika mashambani. Kwa maneno mengine, bia ni ardhi na mvua kabla ya kuwa mtambo na chupa.

Tuichukue hesabu hiyo hadi Soitsambu, katika tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro. Mwaka 1984 TBL, wakati huo ikiwa shirika la umma, ilipewa ekari 10,000 huko Sukenya ili ilime shayiri. Wafugaji wa Kimaasai, ambao walikwisha kupoteza malisho ya Serengeti mwaka 1959, wanasema kijiji hakikuridhia. Shirika lililima takriban ekari 700 tu, na baada ya misimu michache likaondoka. Mifugo ikaendelea kulisha na kunywa maji pale pale.

Kuondoka shambani, hata hivyo, hakukuwa kuondoka kwenye daftari. TBL ilibinafsishwa mwaka 1993, na baadaye ikapata hati ya miaka 99 yenye ekari 12,617. Mwaka 2006 iliuza miaka 96 iliyosalia kwa Tanzania Conservation Limited, kampuni yenye uhusiano na Thomson Safaris ya Marekani, na shamba la shayiri likawa hifadhi ya utalii. Mwaka uliofuata, SABMiller ilikuwa miongoni mwa kampuni sita za kwanza kuunga mkono mpango wa Umoja wa Mataifa wa viongozi wa kampuni kuhusu utunzaji wa maji.

Wafugaji wamelalamika kwamba walizuiwa kufika kwenye malisho na maji, na kwamba waliteswa. Mnunuzi amekana, akisema alinunua kihalali na anahifadhi mazingira. Vijiji vya Soitsambu, Sukenya na Mondorosi vilikwenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu mjini Arusha iliona kwamba ekari 10,000 za mwanzo zilitolewa kihalali, lakini zile 2,617 za nyongeza hazikupatikana kwa mujibu wa sheria.

Hukumu inaweza kuamua hati ni ya nani. Swali la historia ni jingine: katika miaka ambayo mwenye hati hakuwapo, nani aliitunza ardhi ile? Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyika iliyofaa kuuzwa kama hifadhi haikujihifadhi yenyewe. Ilibaki hivyo kwa sababu wafugaji waliitumia kwa zamu za kiangazi na masika, wakatenga malisho, wakaelewana juu ya nani anywesheje na lini. Kazi hiyo haikuwa na safu katika daftari la kampuni, wala haikulipwa ardhi ilipouzwa.

Nchi yetu haikosi kanuni. Sera ya Maji ya mwaka 2002 inatanguliza mahitaji ya binadamu, kisha mazingira, ndipo matumizi mengine. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaiweka mali hiyo mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi. Lakini anayeuziwa ardhi yenye kijito hupata pia uwezo wa kufunga njia ya kwenda kijitoni, na hapo kanuni hubaki kwenye makabrasha.

Basi afisa anayepokea ripoti ya kampuni ya vinywaji, na mwanafunzi anayeisoma, aongeze swali moja juu ya yale ya lita: malighafi ilitoka ardhi gani, ardhi hiyo ilipatikanaje, na kampuni ilipoondoka ilimwachia nani maji? Ripoti isiyojibu hayo imepima kiwanda tu, bia haijapimwa.