Majivu si Majivu Tu: Historia Fupi ya Jiopolima

Leo naweka programu kando kidogo tuongelee majivu. Ndiyo, majivu! Hapa Kaunti ya Kakamega tunayo tele. Viwanda vya sukari kama Kabras na Butali huchoma makapi ya miwa kupata mvuke, na mwaka 2009 Mumias ilizindua mtambo wa umeme wa makapi uliokusudiwa kuuza megawati 26 kwa gridi ya taifa. Kinachobaki baada ya moto ni majivu. Je, yanaweza kutupa simiti ya bei nafuu?

Kwanza tujue wenzetu walifikaje hapo. Mwaka 1940 Purdon wa Ubelgiji alionyesha kwamba mabaki ya tanuri la chuma yakichanganywa na soda kali hugeuka jiwe. Mwaka 1957 Glukhovsky, kule Kiev, akaendeleza wazo hilo kwa ajili ya majengo. Kisha Mfaransa Joseph Davidovits, akitafuta kitu kisichoshika moto baada ya mikasa ya moto nchini mwake mwaka 1970, akatumia udongo mweupe uliochomwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akaupa ugunduzi huo jina: jiopolima.

Baadaye watafiti wakageukia majivu mepesi yanayonaswa kwenye mabomba ya moshi ya vituo vya umeme wa makaa ya mawe. Hapo ndipo somo kubwa lilipojitokeza: majivu mawili yanaweza kufanana kwa rangi na yakatofautiana kabisa kwa tabia.

Mambo ni haya:

1. Silika na alumina ndizo zinazojenga mifupa ya jiwe. Soda huziyeyusha, kisha zinashikana upya kama mnyororo. Uwiano wake ukiharibika, nguvu inapungua.

2. Kalsiamu huleta haraka. Majivu yenye kalsiamu kidogo kwa kawaida huhitaji joto la nyuzi 60 hadi 80 ili yakaze vizuri. Yenye kalsiamu nyingi hukaza bila kupashwa moto, lakini yanaweza kukaza kabla fundi hajamaliza kumimina.

3. Kaboni isiyoungua hunyonya maji ya mchanganyiko.

4. Silika iliyogeuka fuwele, kama mchanga wa mtoni, inakaa tu bila kufanya kazi. Inayotakiwa ni ile iliyo kama kioo.

Kwa sisi watu wa kompyuta ni rahisi kuelewa: programu ni ile ile, lakini ukibadilisha data unayoingiza, jibu linabadilika.

Mapishi yakifuatwa sawasawa, kazi inafanyika. Mwaka 2014 uwanja wa ndege wa Wellcamp, Australia, ulifunguliwa ukiwa na maelfu ya mita za ujazo za zege ya namna hii, iliyotengenezwa kwa majivu ya makaa pamoja na mabaki ya tanuri la chuma.

Sasa turudi nyumbani. Kenya haina kituo kikubwa cha umeme wa makaa ya mawe. Kile cha megawati 1,050 kilichopangwa Lamu kilifutiwa leseni na mahakama ya mazingira mwezi Juni 2019. Kwa hiyo majivu ya mapishi ya Australia hatuna. Tulicho nacho ni majivu ya miwa, na haya yana silika nyingi lakini alumina kidogo. Mtu akichukua mapishi ya kigeni na kuyamwagia majivu ya kiwandani kwetu, anaweza kupata tofali linalomeguka mkononi. Halafu tofali hilo liwekwe kwenye ukuta wa darasa?

Habari njema ni kwamba alumina tunaikanyaga kila siku. Udongo mwekundu wa huku kwetu una madini ya kaolini, na kaolini ikichomwa kwa nyuzi 600 hadi 800 huwa tayari kuingia kwenye mchanganyiko. Majivu yanatoa silika, udongo unatoa alumina. Wanafunzi wa kemia pale Masinde Muliro, kazi iko mlangoni penu! Ila soda kali inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo si jaribio la jikoni.

Basi siku mtu akija kukuuzia tofali la majivu, usiulize bei kwanza. Muulize: silika ngapi, alumina ngapi, kalsiamu ngapi? Akikosa jibu, hajui anachokuuzia.