Mzee Aliyetaka Kumkagua Mhubiri

Picha ya Kimani Maruge sote tunaijua. Mzee wa miaka 84, kaptura ya shule, soksi ndefu hadi magotini, amebanana na watoto kwenye dawati. Alijiandikisha darasa la kwanza tarehe 12 Januari 2004, katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka mmoja tu baada ya serikali ya Kibaki kufuta karo ya shule za msingi. Wajukuu wake wawili walikuwa kwenye shule hiyo hiyo, tena madarasa ya mbele yake. Guinness wakamwandika kuwa mtu mzee kuliko wote kuanza shule ya msingi. Septemba 2005 akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuwaambia wakubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya bure. Baadaye ikaja filamu. Hayo yote yamesimuliwa mpaka yamechakaa.

Kitu tunachokipita mbio ni sababu yake. Mzee alikuwa nazo mbili, na hakuzificha. Ya kwanza ilikuwa hesabu: alikuwa amepigana Mau Mau, akasikia huenda siku moja wapiganaji wakalipwa fidia, na hakutaka kuhesabiwa pesa zake na mtu mwingine. Ya pili ilikuwa Biblia. Na hapa watu huwa wanatabasamu, wanaona mzee wa watu anamtafuta Mungu kabla jua halijatua. Lakini hakusema hivyo. Alisema anashuku kwamba mhubiri hasomi kile kilichoandikwa. Alitaka kujisomea mwenyewe, aone.

Yaani alikwenda shule kumkagua mhubiri.

Nimelifikiria jambo hili sana kwa sababu ya shosho yangu, nitakayemfikia. Kwanza turudi nyuma kidogo, maana Maruge hakuwa wa kwanza kuleta mashaka ya aina hiyo mbele ya ubao, na mara nyingi ubao wenyewe ulikuwa wa kanisa.

Pwani watu walisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla Johann Ludwig Krapf hajashuka Mombasa mwaka 1844, kwa hivyo tusije tukasema kusoma kuliletwa na meli ya wamisionari. Ila bara, hadithi ilikuwa nyingine. Huko herufi ziliingia pamoja na kanisa, na lugha zenyewe zinatoa ushahidi. Kwa Wagĩkũyũ, aliyekwenda misheni aliitwa mũthomi, msomaji. Kwa Waluo, josomo. Ng'ambo ya ziwa, Buganda, walikuwa abasomi. Neno moja lilibeba mambo mawili, kusoma na kuwa Mkristo, na ilikuwa vigumu kuchukua moja ukaacha lingine. Ukimsikia mtu anasema "fulani ameanza kusoma", ilibidi utazame shingoni mwake kama bado amevaa hirizi.

Waprotestanti hasa ndio waliokaza kamba hiyo. Imani yao ilikuwa imejengwa juu ya kitabu, na mtu asiyekisoma kitabu ataimiliki vipi imani? Kwenye misheni nyingi anayetaka ubatizo alikaa darasani miezi na miezi, na alitarajiwa afike mahali pa kuisoma Injili kwa macho yake. Wakatoliki walitegemea zaidi kukariri katekisimu, swali na jibu, swali na jibu, na hapo mzee ambaye macho yake yamechoka angeweza kupenya kwa nguvu ya kumbukumbu. Wazee wetu walikuwa na kumbukumbu. Mtu anayeweza kutaja ukoo wake vizazi saba na madeni ya mbuzi ya mtaa mzima hashindwi na katekisimu.

Lakini tuseme ukweli, misheni haikuwa na hamu kubwa na wazee. Thogoto, Kijabe, Maseno, jicho lilikuwa kwa vijana: wavulana wa kulala bwenini, wasichana wa kuokolewa kutoka kwa baba zao. Mzee alihesabiwa kuwa ameshakolea mila, mti uliokwisha kupinda. Wazee nao, kwa upande wao, walikuwa na baraza lao, mashamba yao na heshima yao, na waliuona ubao kuwa kitu cha watoto. Bibi zetu ndio walioachwa nyuma kuliko wote. Msichana alikuwa wa kuchota maji, kisha wa kuolewa, kisha wa kulea, na siku yake ya kusoma ikasogezwa mbele mpaka ikaingia uzeeni.

Maruge alizaliwa karibu na mwaka 1920. Agano Jipya la Kigĩkũyũ lilitoka 1926. Kitabu kile na mtoto yule walikua pamoja, nchi moja, lugha moja, na ilichukua karibu miaka themanini wakutane.

Katikati hapo kuna kisa ambacho sipendi kukiruka. Wakati wa hali ya hatari, miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwajaza watu kambini, na makanisa yakatuma wahubiri huko ili wafungwa watubu na kuungama kiapo. J. M. Kariuki, katika kitabu chake cha 1963 kuhusu maisha ya kizuizini, anaeleza jinsi wafungwa walivyoanzisha madarasa yao wenyewe, wanaojua wakiwafundisha wasiojua. Hebu fikiria: upande mmoja kanisa linahubiri, upande wa pili watu wazima wamechuchumaa wanafundishana a, e, i, o, u bila ruhusa ya yeyote. Pale uzi uliofunga kusoma na kubatizwa ulilegea. Ilionekana wazi kwamba herufi zinaweza kusafiri bila padri.

Cha ajabu, na wamisionari wenyewe walikuwa wanafikia hapo kwa njia nyingine. Frank Laubach, Mmarekani, alikuwa Ufilipino karibu 1930 akiwafundisha kusoma Wamaranao, ambao ni Waislamu. Mdororo wa uchumi ulipokuja, fedha za kuwalipa walimu zikakatika. Ndipo likazaliwa lile wazo la kila anayejua amfundishe mwenzake mmoja. Mbinu ambayo baadaye ilisambaa duniani kote, Afrika ikiwemo, na ikawa msingi wa madarasa mengi ya watu wazima, ilitokana na ukata. Ukiwa mtu wa kuandika kwa kulipwa kipande kwa kipande kama mimi, kisa hicho kinakupa moyo kidogo.

Baada ya uhuru serikali ikachukua usukani. Sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima ilipitishwa 1966, ila moto wenyewe uliwashwa na Moi. Sikukuu ya Jamhuri, Desemba 1978, akiwa na miezi michache tu madarakani, alitangaza vita dhidi ya kutojua kusoma, na mwaka uliofuata idara ya elimu ya watu wazima ikaundwa. Wakenya wakayaita madarasa hayo ngumbaru, jina ambalo hadi leo linachekesha na kuuma kwa pamoja. Ukimwambia mtu "wewe ni wa ngumbaru" umemtukana.

Idara ilikuwa na walimu, chaki na vitabu vidogo vya kusomea. Haikuwa na majengo ya kutosha. Majengo yalikuwa ya nani? Ya shule za msingi, ambazo mchana zimejaa watoto, na ya makanisa, ambayo kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi yamekaa tupu. Basi ngumbaru ikahamia kwenye mabenchi ya kanisa. Wanafunzi wengi walikuwa wanawake, na wengi wao ni wale wale wa vikundi vya akina mama vya kanisa, kwa hivyo darasa, chama na maombi vikawa ni watu wale wale wakibadilisha tu kilicho mezani. Kwa lugha ndogo ndogo ambazo idara haikuwa na vitabu vyake, mashirika ya kutafsiri Biblia ndiyo yaliyoziandikia alfabeti na vitabu vya kuanzia. Shirika la Bible Translation and Literacy, lililoanza hapa Kenya 1981, limefanya hivyo kwa Wasabaoti wa Mlima Elgon na Waduruma wa Pwani, miongoni mwa wengine.

Shosho yangu aliingia ngumbaru kwa mlango huo. Nyandarua, ukumbi wa kanisa lake, alasiri za Jumanne na Alhamisi, mwalimu akiwa msichana aliyemaliza kidato cha nne juzi. Shosho alikuwa na miaka 68. Sisi wajukuu tulicheka, naomba radhi kwa hilo. Alinunua daftari la mistari miwili kama la darasa la pili, akalifunika kwa gazeti. Miwani aliazima kwa jirani yake, wakawa wanapokezana, mmoja akisoma ubaoni mwingine anasubiri.

Nilidhani anataka kusoma Biblia, maana ndivyo alivyomwambia mchungaji. Miezi kadhaa baadaye, Jumapili moja baada ya ibada, alisimama mbele ya ubao wa matangazo ambapo kanisa hubandika orodha ya michango. Alisimama muda mrefu, kidole kikitembea juu ya karatasi. Alilipata jina lake. Alikuwa ametoa shilingi 500 za ujenzi. Karatasi ilisema 200.

Hakupiga kelele. Alimwendea mhazini, akamwita kwa heshima zote, akamwomba aje wasome pamoja. Mhazini akasema ni makosa ya karani. Huenda ilikuwa kweli. Jumapili iliyofuata karatasi mpya ilibandikwa, 500, na sio jina la shosho peke yake lililokuwa limebadilika. Wenzake wa darasani, niliambiwa, walijipanga mbele ya ubao ule kama wanaosubiri unga wa msaada.

Ninachopenda katika kisa hicho ni kwamba kanisa lenyewe ndilo lililompa ukumbi, benchi, na mwalimu aliyelipwa soda na nauli. Lilimfundisha kusoma, na kitu cha kwanza alichosoma kwa makini kilikuwa hesabu zake. Kwa maoni yangu hakuna huduma bora zaidi ambayo kanisa lile liliwahi kumfanyia, ingawa sidhani kama mhazini angekubaliana nami.

Siku hizi darasa hilo halipo. Mwalimu aliolewa akahama, hakuna aliyetafutwa badala yake. Sio huko tu. Ukiuliza kanisa linawafanyia nini wazee, utasikia: siku ya wazee, blanketi, unga na mafuta ya kupikia, madaktari wa kupima presha bure, kutembelewa nyumbani, kupelekewa sakramenti. Sidharau hata moja. Watu wa miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 2.7 kwenye sensa ya 2019, na pesa za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70, hazimfikishi mtu mbali. Pale Kasarani, watawa wa Little Sisters of the Poor wana makao yao yanayoitwa Nyumba ya Wazee. Shirika lao lilianza Ufaransa mwaka 1839, pale Jeanne Jugan alipomchukua mwanamke mzee kipofu akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo utamlaumu nini?

Lakini katika programu hizi nyingi mzee ni wa kupokea tu. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, anapigiwa makofi, anapigwa picha akishika pakiti ya unga. Hakuna anayemwuliza anataka kujua nini. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inataka wazee wapate heshima na matunzo, sawa, ila inasema pia washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na waendelee kujiendeleza wenyewe. Utafiti wa kitaifa uliotolewa 2007 uliwahesabu watu wazima milioni 7.8 wasioweza kusoma vya kutosha. Baadhi yao, kama wangali hai, sasa ndio hao walio kwenye viti vya plastiki. Wanatumiwa M-Pesa na watoto wao, na mtu mwingine ndiye anawasomea ujumbe.

Maruge hakuridhika na kusomewa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimfukuza Eldoret, akaishi kwenye hema la wakimbizi, mali yake ikaibiwa, na bado akawa anatafuta shule. Mwaka 2008 alifika Nairobi, kwenye makao ya wazee ya Cheshire, Kariobangi, akaingia darasa la sita katika Shule ya Msingi ya Marura. Tarehe 24 Mei 2009 alibatizwa katika kanisa Katoliki la Holy Trinity pale pale Kariobangi, akachukua jina la Stephen. Alifariki Agosti mwaka huo huo kwa saratani ya tumbo.

Tazama mpangilio huo. Wazee wa zama za athomi walisoma ili wabatizwe, kwa masharti ya misheni. Yeye alianza na shaka, akasoma miaka mitano, ndipo akainamisha kichwa kimwagiwe maji, akiwa na karibu miaka 90. Mhubiri alikuwa ameshakaguliwa.

Nilipoacha chuo kikuu mwaka wa tatu, nyumbani kila mtu alikuwa na hotuba yake. Shosho hakuwa nayo. Aliniletea lile daftari la gazeti, lililobaki kurasa chache, akasema, "Wewe si unajua kusoma? Hebu nisahihishie." Ilikuwa orodha ya wanaodaiwa na chama chao, majina na tarehe, herufi kubwa zinazopanda mlima kuelekea kulia. Nikachukua kalamu nyekundu. Jina la baba yangu lilikuwa la tatu, na halikuwa na kosa lolote la tahajia.